Barabara ya Shaba mpaka Baharini



Hapa Kapata tumezoea makamyo. Usiku na mchana yanapita na mabamba ya shaba na mifuko ya kobalti, yanaelekea Lubumbashi, Kasumbalesa na mbele zaidi. Tumezoea pia Wachina: tunawaona kwenye machimbo, kwenye kazi ya barabara, ndani ya mabutiki. Basi vijana wengi wanafikiri kwamba mambo haya mawili ni ya jana tu. Wanafikiri njia ya kwenda bahari ya mashariki ilifunguliwa na makamyo, na kwamba China ilianza kuijua Afrika mwaka wa 2008, pale Serikali yetu ilipopatana na makampuni ya kule: wao wachimbe shaba, na watujengee barabara na hospitali.

Kumbe sivyo. Njia ile ni ya kala. Na vitu vya China vilifika Afrika miaka mamia mbele ya babu zetu kuzaliwa. Mwaka wa 2024, katika miezi ya baridi, nilisafiri kwa bisi, mimi peke yangu, toka Kolwezi mpaka Malindi katika pwani ya Kenya, kusudi nione kwa macho yangu miji ya zamani iliyopokea vitu vile. Mwezi huu nataka kuwasimulia niliyoyaona. Lakini siyo hadithi ya kupitisha wakati tu. Nilikwenda na ulizo moja kichwani, na ulizo lile linatuhusu sisi watu wa madini: mali ikiisha kupita, mji unabaki na nini?

MUTU MOYA MU NJIA

Mbele ya kuondoka, jirani zangu walinisemesha sana. "Mama, utaenda we moya? Na ukigonjwa mu njia, nani atakuangaria?" Mwingine akaongeza: "Bantu ba kule bataona we ni mugeni, batakwiba." Niliwajibu: "Mu bisi hakuna mutu anabakia ye moya."

Ndivyo ilivyokuwa. Vijana wanaotaka kusafiri wasikilize mashauri haya machache. Tengeneza karatasi zako zote nyumbani: pasiporo, na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maana mpakani hakuna atakayekuonea huruma. Franga zako usiziweke fasi moja. Fanya yote ili ufike mji mgeni mchana, siyo usiku. Na ukikaa kwenye kiti, msalimie wa kwanza yule aliye karibu nawe. Mutu uliyemsalimia anakuwa jamaa yako mpaka mwisho wa safari: atakuchungia mzigo, atakuambia bei ya kweli ya chakula, atakuamsha ukisinzia.

Toka Kolwezi mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 2.000: Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, kisha miji ya shaba ya Zambia, Chingola, Kitwe na Ndola, halafu Kapiri Mposhi, na kule mbali Nakonde na Tunduma, mlango wa Tanzania. Katika Zambia Kiswahili kinalala, Kibemba ndicho kinachofanya kazi. Ukivuka Tunduma, Kiswahili kinaamka tena, lakini kimevaa nguo nyingine. Mama mmoja aliyeuza ndizi aliponisikia nikiomba "maji ya baridi ya kunywa miye moya" alicheka akaniuliza: "Mama, Kiswahili chako cha wapi hicho?" Nikasema: "Niko mutu ya Kolwezi, ku Kongo." Akanipa ndizi moja ya bure, akasema: "Karibu, mama. Huko kwenye shaba!" Kwetu mtoto anasema "jambo mama" na basi. Kule mtoto anakuambia "shikamoo", na mkubwa anaitika "marahaba". Ni heshima nzuri, ilinipendeza sana.

Toka Kapiri Mposhi unasafiri ukijua kwamba kuna mwenzako: njia ya reli inayoitwa TAZARA, kilometa 1.860 mpaka Dar es Salaam. Wachina waliijenga pamoja na Watanzania na Wazambia toka 1970 mpaka 1975. Sababu yake ilikuwa ni shaba. Zambia haikutaka tena shaba yake ipitie Rhodesia, nchi iliyotawaliwa wakati ule na wazungu wachache. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na pembeni ya Dar es Salaam wana makaburi yao. Kwa hiyo, vijana, mtu asiseme Wachina walianza na sisi.

KILWA: MJI ULIOFANYA PESA YA SHABA

Toka Dar es Salaam nilishuka kwanza kusini, karibu kilometa 300, mpaka Kilwa Masoko. Pale unaomba ruhusa katika ofisi ya mambo ya kale, unapewa kiongozi, kisha mtumbwi wa tanga unakuvusha mpaka kisiwani, Kilwa Kisiwani.

Leo ni kijiji cha wavuvi. Mbuzi wanakula majani katikati ya kuta. Lakini miaka 700 iliyopita Kilwa ilikuwa mji mkubwa kuliko yote katika pwani hii. Dhahabu kutoka Sofala, chini kule upande wa Zimbabwe na Msumbiji, ilipita mikononi mwa sultani wake. Msikiti Mkubwa ungali unasimama, umejengwa kwa mawe ya matumbawe ya baharini, na juu yake kuna kuba kama vyungu vilivyofunikwa. Mbali kidogo, juu ya ukingo wa bahari, kuna jumba linaloitwa Husuni Kubwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1300. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea lenye pembe nane. Halikukaliwa muda mrefu.

Ardhini, kama ukiangalia vizuri, unaona vipande vidogo vya vyombo. Vingine ni vya udongo wa kwetu, vyeusi na vyekundu. Vingine ni vyeupe au vya kijani kama majani ya muhindi machanga, vinang'aa. Ni kauri ya China, udongo mweupe uliochomwa kwa moto mkali, ule wazungu wanaouita porselene. Kuokota ni haramu, na ni haki, kwa sababu kila kipande ni kama neno moja la barua ya zamani: ukiliondoa, barua haisomeki tena.

Lakini kilichonigusa zaidi mimi mtu wa Kapata siyo kauri. Ni pesa. Masultani wa Kilwa walifanya pesa yao wenyewe, na nyingi zilikuwa za shaba! Vipande vidogo, vyembamba, vyenye jina la sultani na sifa kwa Mungu. Moja ilikutwa Zimbabwe Kubwa. Na mwaka wa 1944 pesa tano za namna ile ziliokotwa mbali sana, katika kisiwa kidogo kaskazini ya Australia. Fikirini, wandugu: shaba iliyotiwa jina la mji wa Afrika ilitembea mpaka mwisho wa bahari. Shaba yetu inatoka Kapata kama bamba tupu, na ikifika kule haina jina letu tena.

Mtembezi wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka wa 1331 na akausifu mji ule kwa uzuri wake. Karibu miaka 15 baadaye mtu huyohuyo alifika China, katika bandari ya Quanzhou, ambayo Waarabu waliiita Zaitun, akaona jinsi vyombo vya kauri vinavyofanywa. Kwa hiyo miguu ya mtu mmoja ilikanyaga ncha mbili za njia hii. Na njia ya bidhaa ilikuwa ndefu hivyo: toka China mpaka India, toka India mpaka Uarabuni au moja kwa moja mpaka kwetu. Vyombo vya China havikuletwa daima na Wachina wenyewe. Mara nyingi vilipita mikono ya Wahindi, ya Waajemi na ya Waarabu, kila mmoja akikata faida yake.

Je, Kilwa ilikufaje? Mwaka wa 1505 Wareno walifika na manowari zao chini ya Francisco de Almeida, wakaupora mji, wakajenga ngome. Walitaka dhahabu ya Sofala ipite kwao. Mji uliokuwa ukiishi kwa dhahabu inayopita ulidhoofika. Ulipata uhai tena baadaye kwa biashara nyingine, hata ile mbaya ya watumwa, lakini haukurudia ukubwa wake.

KAOLE NA BAGAMOYO: FASI WATU WETU WALIPOFIKA

Nikarudi Dar es Salaam, nikapanda mutuka mwingine kwenda kaskazini, kama kilometa 70, mpaka Bagamoyo. Kilometa chache mbele ya kufika mjini kuna magofu ya Kaole. Ni misikiti miwili ya mawe na makaburi yenye nguzo ndefu. Zamani watu walizipamba nguzo kwa bakuli za China. Yaani bakuli nzuri ya nyumbani, baada ya kula chakula cha maisha, ilikwenda kukaa juu ya kaburi. Kaole ilikuwa bandari. Leo ukisimama pale, huioni bahari, unaona mikoko tu. Matope yalijaa, mikoko ikaota, mashua hazikuweza kuingia tena. Watu wakahamia Bagamoyo.

Na Bagamoyo, wapendwa, ni mji unaotuhusu kwa damu. Kwenye miaka ya 1800 ulikuwa mwisho wa njia ya misafara inayotoka bara. Wapagazi walifika na pembe za ndovu mabegani. Watumwa walifika na minyororo shingoni. Tusisahau kwamba M'siri, mfalme wa Bunkeya, alikuwa na asili katika nchi ya Unyamwezi, ambayo leo ni Tanzania, na kwamba aliuza shaba, pembe na watu, upande wa Benguela katika Angola na upande huu wa mashariki pia. Risasi na vitambaa vilipanda, watu wakashuka. Naye aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 1891 na watu wa msafara wa Stairs, ambao nao ulitokea pwani hii hii, kwa njia hii hii.

Njia ilikuwa wazi hata mbele ya M'siri. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, wataalamu walikuta misalaba ya shaba, ile babu zetu walioitumia kama mali ya kuoa na ya kununua. Lakini walikuta pia simbi za baharini. Simbi haiishi katika Lualaba. Mtu aliileta, na mwingine akaipokea, kijiji kwa kijiji.

Jina la Bagamoyo linaelezwa kwa namna mbili. Wengine wanasema ni "bwaga moyo", neno la furaha la mpagazi: weka mzigo, pumzika, tumefika. Wengine wanasema ni neno la mtumwa: uache moyo wako hapa, kwa sababu mwili unakwenda ng'ambo na hautarudi. Nilikaa pwani, nikitazama mashua, nikajiuliza ni wangapi waliotoka kwetu walitazama maji yale kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Mwaka wa 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni Bagamoyo. Waliwakomboa watumwa, hasa watoto, wakaanzisha kijiji chao, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Mwezi wa 2 mwaka wa 1874 watumishi wa Livingstone, kati yao Chuma na Susi, walifika pale na mwili wa bwana wao. Alikuwa amekufa tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka wa 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliubeba mwili kwa miguu zaidi ya kilometa 1.500. Njia ile iliyobeba watumwa, safari moja ilibeba pia uaminifu wa watu wa kawaida. Misioni ingalipo na nyumba ya makumbusho. Vijana, mkifika Bagamoyo, msikose kuiona.

Bagamoyo nayo ilipungua. Wajerumani waliifanya mji mkuu wao, halafu mwaka wa 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari ya maji mengi. Toka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka wa 1914 ilifika Kigoma. Nani atamlipa mpagazi tena kama gari la moshi linapita? Mji ulibaki na milango yake mizuri ya kuchongwa na biashara imekwenda.

Mwaka wa 2013 Tanzania na China walipatana kujenga bandari kubwa sana karibu na Bagamoyo. Mwaka wa 2019 Serikali ya Tanzania ilikataa masharti yake, ikisema ni mazito mno kwa nchi. Sijui watu wa Kapata mnawaza nini juu ya hilo, lakini mimi nilijifunza neno moja: masharti yanasomwa. Hata hapa kwetu, mapatano ya 2008 yaliangaliwa upya mwaka wa 2024, na sehemu ya ujenzi ikapandishwa mpaka dola miliardi 7. Mkataba siyo jiwe. Watu wenye kusoma wanaweza kuufungua tena.

PANGANI, TANGA, MOMBASA

Pangani ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, na nazi, na samaki, na nyumba kubwa za zamani zinazobomoka polepole. Pale mwaka wa 1888 watu waliinuka kuwapinga Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Alinyongwa huko Pangani mwezi wa 12 mwaka wa 1889. Tanga ni mji wa barabara zilizonyooka na baiskeli, uliokua na reli na mashamba ya katani. Nililala usiku mmoja mmoja tu, kisha nikavuka mpaka wa Horohoro na kuingia Kenya.

Mombasa ni namna nyingine kabisa. Ni mji wa zamani ambao haukulala. Ngome yake, Fort Jesus, Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waarabu wa Oman waliizunguka toka 1696, wakaichukua mwaka wa 1698. Ndani yake leo kuna makumbusho, na sahani za China zimepangwa nyuma ya vioo, buluu na nyeupe, kama za mama wa harusi. Lakini nje ya ngome maisha yanaendelea: wachonga milango, wauza kahawa, mafundi wa mashua, wanafunzi. Mombasa iliishi kwa pembe, halafu kwa reli ya Uganda toka 1896, halafu kwa bandari mpya ya Kilindini. Tangu 2017 kuna reli nyingine mpaka Nairobi, iliyojengwa na Wachina. Kila mara kitu kimoja kilipokwisha, watu wa Mombasa walikuwa wamekwisha kushika kingine.

GEDI: MJI ULIOKOSA MAJI

Toka Mombasa unapanda kaskazini karibu kilometa 100 na unafika Gedi. Mji huu umo ndani ya msitu. Nyani wanaruka juu ya kuta. Mizizi ya miti imeyakumbatia mawe kama mikono ya mtu anayezuia kitu kisianguke. Mwezi wa 7 wa mwaka ule wa 2024, siku chache tu mbele nifike, UNESCO ilikuwa imeiandika Gedi kati ya urithi wa dunia.

Watu walikaa hapa mpaka miaka ya 1600. Walikuwa na jumba la mfalme, misikiti, nyumba zenye vyoo na mifereji ya maji machafu. Bwana Kirkman alianza kuchimbua magofu haya mwaka wa 1948, na nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani: nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya simbi, nyumba ya taa ya chuma. Kwa hiyo unatembea mjini kama unatembelea jirani. Hapa alikaa fundi mwenye mkasi. Pale mama mmoja aliweka bakuli lake la China, labda alilikataza watoto kulishika.

Kwa nini waliondoka? Wataalamu wanataja vita, wanataja Wareno waliogeuza biashara, na wanataja maji. Kisima karibu na Msikiti Mkubwa kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, alama kwamba maji yalikuwa yakikimbia. Nilisimama muda mrefu kwenye ukingo wa kisima kile kikavu. Bakuli la China unaweza kulinunua lingine. Maji ya kutia ndani ya bakuli, utanunua kwa nani? Sisi tunaokaa karibu na machimbo tunajua hofu hii, na mama anayepanga foleni na bido zake asubuhi na mapema anaijua kuliko mimi.

MALINDI NA TWIGA

Malindi ndiyo ilikuwa mwisho wangu. Watalii wanakwenda kuona nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika pale mwaka wa 1498 na kupewa mtu wa kumwonyesha njia ya India. Lakini miaka zaidi ya 80 mbele yake, Malindi ilikwisha kujulikana mbali. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifika Beijing, mbele ya mfalme wa China! Watu wa kule walisema ni qilin, mnyama wa baraka wa masimulizi yao. Ni katika wakati wa Zheng He, mkuu wa manowari aliyesafiri mara saba toka 1405 mpaka 1433, na watu zaidi ya 20.000 katika safari yake ya kwanza. Mashua za kikosi chake zilifika mpaka pwani hii. Huko Mambrui, karibu na Malindi, wataalamu walikuta mwaka wa 2010 pesa ya China yenye tundu la pembe nne katikati, ya mfalme yule yule aliyemtuma Zheng He. Nyingine ilikutwa mwaka wa 2013 katika kisiwa cha Manda, upande wa Lamu.

Baada ya 1433 China iliacha safari zile. Bandari ya Quanzhou, ile Ibn Battuta aliyoistaajabia, ilipoteza biashara yake, kwa makatazo ya wafalme na kwa matope yaliyoziba maji yake, kama Kaole. Leo wageni wanakwenda kuona mahekalu yake na msikiti wake wa zamani, na mwaka wa 2021 UNESCO iliiandika pia. Tuseme basi: miji inakufa pande zote mbili za bahari, ya mnunuzi na ya muuzaji.

MJI UNABAKI NA NINI?

Wapendwa, katika safari ile yote nilihesabu: Kilwa iliporwa na wenye nguvu. Kaole ilizibwa na matope. Bagamoyo ilipitwa na reli. Gedi ilikauka. Sababu ni nne, na ugonjwa ni mmoja. Kila mji uliishi kwa kitu kimoja kinachopita, na siku kitu kile kilipopata njia nyingine, mji haukuwa na mkono wa pili. Mombasa ilikuwa nao.

Sisi wa Lualaba tunaishi kwa shaba na kobalti. Hazioti tena kama mihogo. Wakubwa wetu wanakumbuka miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka: mishahara ikakatika, masomo na hospitali vikabaki bila msaada, na mtu aliyejua kazi moja tu ya shimoni alikaa mlangoni mikono mitupu. Yule aliyejua pia kushona, kujenga, kulima au kutengeneza mashini, watoto wake walikula. Hatuhitaji kwenda Gedi kujifunza hilo, tuliliona hapa hapa.

Basi wababa na wamama, mtoto akipata kazi ya machimbo, tufurahi. Lakini apate pia ufundi wa pili, wakati mshahara ungaliko. Vijana, someni masharti ya nchi yenu, msikubali kuambiwa tu. Tuyachunge maji yetu na tusione haya kuuliza juu yake. Na wazee wasimulie wangali hai, kwa maana Kilwa tunaijua kwa mawe na maandishi, lakini nani ameandika habari za Kapata?

Kuna kitu kimoja kilichopita katika njia ile na hakikuondoka: Kiswahili. Kilipanda toka pwani na wapagazi na wafanya biashara, kikapokelewa katika makambi ya kazi, kikalelewa na mama zetu mpaka kikawa chetu, na "fasi" yetu na "njo vile" yetu. Wa pwani wanakicheka kidogo, halafu wanakupa ndizi. Hakuna kamyo litakaloweza kukipakia na kukipeleka bandarini.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kama machimbo ya karibu nasi yakifungwa baada ya miaka 20, watu wa nyumba yetu wataishi kwa kazi gani?

2. Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na nani anayachunga?

3. Babu na bibi walifika Kolwezi mwaka gani, kwa njia gani, na nani ameandika habari zao?

Mtuandikie majibu yenu. Mwezi ujao tutazungumza juu ya vijana wanaotaka kuoa na hawana kazi bado. Mubaki salama.